Tanzia: Soka la Sebastian Deisler, 1998–2007

Soka la Sebastian Deisler lilikata roho mjini Munich tarehe 16 Januari 2007, mbele ya waandishi wa habari. Mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 27.

Lilizaliwa Borussia Mönchengladbach mwaka 1998, na mwaka uliofuata likahamia Hertha Berlin. Waliomwona kiungo huyu akitokea kulia hawajasahau krosi zake: mpira ulipinda nyuma ya mabeki, kipa akabaki hajui atoke au asubiri.

Kwenye Euro 2000 Ujerumani ilirudi nyumbani na pointi moja na bao moja. Kikosini alikuwamo Lothar Matthäus, mwenye miaka 39, na Deisler, mwenye miaka 20. Taifa lililokuwa halina mrithi likamtwika kijana huyu matumaini yake yote. Kwangu mimi maradhi yalianzia hapo, si kwenye goti.

Goti nalo halikumhurumia. Lilimnyima Kombe la Dunia la 2002, alipoumia katika mechi ya kirafiki dhidi ya Austria. Machi 2006 aliumia tena mazoezini, akalikosa na lile lililochezwa kwao. Kabla ya hayo, mwaka 2001, zilivuja habari kwamba klabu ya Bayern Munich ilikwisha kumpa mark milioni 20 ili ajiunge nayo, ilhali bado yuko Hertha. Wale waliokuwa wakimshangilia Berlin wakamgeuka.

Novemba 2003 ilitangazwa kwamba anaugua sonona, naye akalazwa kutibiwa. Katika soka la Ujerumani la siku zile, nyota kukiri maradhi hayo hadharani lilikuwa jambo geni, na ulikuwa ushujaa kuliko bao lolote alilofunga. Alirudi uwanjani, akacheza Kombe la Mabara la 2005, akafikisha mechi 36 za timu ya taifa na mabao 3.

Wapo waliosema ametupa kipaji. Siwakubalii. Zile krosi ambazo hatukuziona zinaniuma hadi leo, lakini mwili uliozipiga ulikuwa wake, na maumivu yalikuwa yake peke yake. Mkataba wake na Bayern ulikuwa na muda hadi 2009. Uli Hoeneß, meneja wa klabu, alijitahidi kumshawishi abaki. Deisler akajibu kwamba hana tena imani na goti lake, akaondoka akiwa hai.