Binti Beki na Wajibu wa Wazazi Wake



Zamani hizi, katika mji wetu wa Mpanda, si jambo geni kuwaona wasichana wa shule wakicheza mpira wa miguu alasiri, wenye viatu na wasio na viatu. Miongoni mwao wamo wanafunzi wetu wa madrasa. Kwa hiyo sisi walimu twaulizwa swali ambalo wazee wetu hawakuulizwa: Je, yafaa binti wa Kiislamu aufanye mpira kuwa kazi yake? Twaona yatupasa kulijibu kwa upole, kwa kuwa binti anayejibiwa kwa ghadhabu huenda kutafuta jawabu mahali pengine.

Mwaka huu alitujia baba mmoja, mkulima wa tumbaku. Bintiye ana umri wa miaka 15, naye ni beki wa kati. Watu wa timu moja ya mbali walimwona akicheza, wakamtaka aende kuishi kwao. Baba alikuwa na hofu tatu: stara ya mwanawe, masomo yake, na nani atakayemwangalia baada ya kupanda treni ya Kaliua na Tabora. Hofu hizo ni za haki, nasi twapenda kuzitazama moja moja.

Ama stara, wengi hudhani kwamba ni dini iliyomfungia binti mlango wa uwanja. Kumbe kwa miaka kadhaa sheria za mpira zenyewe ndizo zilizomkataa mwenye hijabu. Juni 2011, mjini Amman, timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Yordani katika mechi ya kuwania Olimpiki, kwa sababu ya vitambaa vya kichwani. Julai 2012 bodi inayotunga sheria za mpira iliruhusu vitambaa hivyo vijaribiwe, na tarehe 1 Machi 2014 ikaviruhusu kabisa.

Siku hiyo binti mmoja wa Moroko, Nouhaila Benzina, alikuwa na umri wa miaka 15, sawa na huyu wetu wa Mpanda. Alikua akawa beki wa klabu ya FAR ya Rabat. Klabu hiyo wapenzi wa mpira hapa kwetu waikumbuka, maana ndiyo iliyoifunga Simba Queens bao 1 kwa 0 tarehe 30 Oktoba 2022 katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika kwa wanawake, kisha ikatwaa kombe. Simba Queens walirudi nyumbani wakiwa wa nne. Tarehe 30 Julai 2023, mjini Adelaide, Australia, Benzina akawa mchezaji wa kwanza kucheza na hijabu katika Kombe la Dunia la wanawake wakubwa. Siku sita kabla yake Moroko ilikuwa imefungwa na Ujerumani mabao 6 kwa 0. Siku ile iliishinda Korea Kusini bao 1 kwa 0, na baadaye ikaingia katika timu 16 zilizobaki. Bao hilo hakulifunga yeye. Walakini bao moja hushinda pale tu ambapo walio nyuma hawakuruhusu la kusawazisha.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya watu wa mbali tu. Julietha Singano, beki wa timu yetu ya taifa, Twiga Stars, alitoka Simba Queens akaenda kucheza kwa malipo Mexico katika klabu ya FC Juárez. Kwa hiyo baba anayeambiwa kuwa beki wa kike aweza kula kwa kazi yake hadanganywi.

Kazi ya beki ina adabu yake. Mfungaji hukumbukwa kwa dakika moja nzuri. Beki hukumbukwa kwa dakika moja mbaya, hata kama 89 nyingine alizilinda vyema. Yampasa asimame mahali pake, atazame, asivutwe na tamaa. Hatulinganishi mchezo na jihadi, hasha! Lakini sisi Waislamu tulifundishwa jambo hili zamani. Mwaka wa 3 wa Hijra, katika vita vya Uhud, Mtume s.a.w. aliweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, akawaamuru wasiondoke. Wengi wao walipoona ngawira waliteremka, na adui akapita nyuma. Katika saa hiyo ya dhiki Bibi Nusayba binti Kaab r.a., aliyekuja na maji ya kuwanywesha wapiganaji, alisimama mbele ya Mtume akamkinga, hata akapata jeraha kubwa begani. Na Bibi Aisha r.a. imepokewa kwamba alishindana mbio na Mtume mwenyewe. Basi nguvu za mwili wa mwanamke si aibu katika dini yetu.

Ama masomo, hapo twasema kwa mkazo. Miguu ya mchezaji haina miaka mingi. Wachache huendelea baada ya miaka 35. Madaktari nao wameona kuwa wanawake hukatika mishipa ya goti katika mchezo huu mara nyingi kuliko wanaume. Binti aliyeacha shule kwa ajili ya mpira, goti likamvunja akiwa na miaka 20, atabaki na nini?

Hofu ya tatu ndiyo iliyoamua jambo. Tulimshauri baba aombe barua: binti atalala wapi, chini ya mwanamke gani mwenye amana, atasoma shule gani, atavaa nini, ataswali saa ngapi, na akiumia nani atamtibu. Barua haikuja. Simu zilikuja nyingi, za kuhimiza kwamba nafasi itapotea. Baba akamzuia. Binti alilia siku mbili, nasi hatukumlaumu. Siku ya tatu alikuja madrasa akatuambia, “Mwalimu, beki hakimbilii kelele, hungoja auone mpira.” Angali anacheza katika timu ya shule yake, na baba ameahidi kwamba barua ya kweli ikija, atasafiri yeye mwenyewe akapaone mahali hapo.

Yuko mwalimu mwenzetu asiyekubaliana nasi. Asema kwamba kitambaa cha kichwani hakiwazuii wanaume kutazama, na kwamba riziki ya kutazamwa na umati haimfai binti. Neno lake lina uzito, na twaliheshimu. Fatwa ni ya wanazuoni, nasi ni walimu wa watoto. Illa twamwuliza yeye na wazazi wote: binti huyu akizuiwa bila ya sababu anayoielewa, je, ataacha kucheza, au ataacha kutuambia? Sisi twaogopa zaidi hilo la pili.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msiseme “nenda” kwa tamaa ya fedha, wala “usiende” kwa kukwepa taabu ya kuuliza. Ulizeni, safirini, someni kila karatasi kabla ya kutia sahihi. Nanyi mabinti, shikeni swala, shikeni vitabu, na msimfiche mzazi simu ya mtu yeyote anayewaahidi makuu. Kumlinda mtoto ni kazi ya kila siku, nayo yataka mlinzi aliye macho.

Wabillahi tawfiq.