Kuiamuru Kompyuta kwa Maneno

Waalimu wenzetu wengi hutumia kompyuta kama mgeni aingiavyo dukani asijue lugha ya mwenye duka: hunyosha kidole. Hapana haya katika jambo hilo. Picha ndogo zimewekwa juu ya kioo ili zinyoshewe kidole, na kazi nyingi za kila siku hutimia kwa njia hiyo. Lakini iko njia nyingine, ya zamani kuliko picha, ambayo mtu huiandikia mashine neno, nayo hulitenda. Sisi waalimu wanne wa shule moja ya sekondari ya bara tulijifunza njia hiyo katika muhula mmoja, jioni baada ya masomo, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji tuliyoyaona.

Hatukuanza kwa kupenda elimu tu. Kompyuta ya ofisi yetu, itumiayo Linux ya namna iitwayo Ubuntu, iliacha kuonyesha picha zake. Tukiiwasha, kioo kilibaki cheusi. Ndani yake zilikuwamo alama za wanafunzi wote tangu mwaka 2014, wala hapakuwa na nakala nyingine ila karatasi chache zilizoliwa na mchwa. Fundi mmoja wa mjini aliitazama, akasema dawa yake ni kufuta vyote vilivyomo na kuiwekea programu upya. Hakusema uongo, mashine ingaliwaka. Lakini alama za miaka hiyo zingalipotea, na vijana waliomaliza kidato cha nne walikuwa wakingoja barua zetu za kuombea vyuo. Basi tukamwomba atupe majuma machache.

Mwenzetu afundishaye hesabu alikuwa amesikia kwamba ukibonyeza pamoja vitufe vitatu, yaani Ctrl, Alt na F3, Linux hufungua mlango wa pili usio na picha. Tukabonyeza. Likatokea swali moja tu, la kutaka jina, na baada yake la kutaka neno la siri. Hapa mgeni hushangaa, maana akiliandika neno la siri haoni kitu, wala nyota wala nukta. Herufi zaingia, ila mashine haizionyeshi, ili mtu aliyesimama nyuma yako asijue hata idadi yake. Tukaingia. Ikaonekana alama ya dola, na mbele yake kistari kilichokuwa kikiwaka na kuzimika. Maana yake ni kwamba mashine yangoja amri.

Kwa mwalimu wa lugha, jambo la kwanza la kupendeza ni sarufi ya amri hizi. Kila moja huanza na kitenzi, kisha hufuata kitendwacho, kama tusemavyo darasani, "Soma kitabu" au "Funga mlango". Neno ls huiambia mashine iorodheshe vilivyomo mahali tulipo. Neno pwd huiuliza tuko wapi. Neno cd, likifuatwa na jina la folda, hutuingiza ndani ya folda ile. Likifuatwa na nukta mbili hututoa nje hatua moja. Neno mkdir hutengeneza folda mpya, cp hunakili, mv huhamisha, na tena hubadili jina, kwa kuwa mbele ya mashine kubadili jina ni kuhama tu, rm hufuta. Katika cp na mv hutajwa kwanza kitu chenyewe, kisha kinakokwenda, na mpango huo haupinduliwi. Baada ya kitenzi huweza kutiwa kistari na herufi moja, nayo hufanya kazi ya kielezi: ls -l huorodhesha kwa kirefu, pamoja na tarehe na ukubwa wa kila faili. Maneno hayo ni saba, nasi tuliyajua kwa moyo kabla ya juma la pili kwisha.

Labda msomaji atauliza kwa nini maneno hayo yamekatwa vichwa na mikia. Sababu yake ni ya kale. Unix, mfumo ulio asili ya amri hizi, ulianzwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs, huko Marekani. Siku zile waliandika kwa Teletype, mashine iliyo mfano wa taipu, ambayo ilichapa juu ya karatasi herufi 10 tu kwa sekunde moja. Kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu kwa vidole na kwa saa. Thompson mwenyewe alipoulizwa baadaye angebadili nini kama angeanza upya, alijibu kwamba neno creat, lililomo ndani ya mfumo ule, angeliandika kwa e mwishoni. Jibu hilo limetufurahisha sana sisi tusahihishao imla. Linux ilikuja mwaka 1991, kazi ya Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliyefuata desturi zile zile. Na Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, ina jina ambalo Mswahili halihitaji kamusi, kwa maana ni ndugu wa neno letu utu.

Mashine hii ni msikilizaji mkali kuliko mkaguzi wa shule. Mbele yake Matokeo na matokeo ni majina mawili mbalimbali. Nafasi iliyo kati ya maneno huihesabu kuwa ukingo. Ukiandika ls Kidato cha Pili, itatafuta vitu vitatu, kimoja kiitwacho Kidato, cha pili kiitwacho cha, na cha tatu kiitwacho Pili, nayo italalamika mara tatu kwamba havipo. Mwalimu aliyetunza alama kabla yetu alipenda majina marefu yenye nafasi, basi ilitubidi kuyatia ndani ya alama za kunukuu. Hata hivyo iko huruma kidogo: ukiandika herufi za kwanza za jina, kisha ukabonyeza kitufe cha Tab, mashine hulimaliza jina yenyewe, ikiwa hapana jingine lianzalo hivyo.

Jambo lililotutia wasiwasi zaidi ni kimya chake. Umwagizapo mtoto maji, hurudi akasema, "Haya, Mwalimu." Mashine hii ikinakili faili elfu moja sawasawa, haisemi neno, hurudisha ile alama ya dola tu. Husema inaposhindwa. Tulikawia kuzoea kwamba kimya ni habari njema, na hata leo mmoja wetu huandika ls baada ya kila cp ili aone kwa macho yake, nasi hatumkatazi.

Lakini kimya hicho hicho huwa cha kutisha linapokuja neno rm. Katika upande wa picha kitu kilichofutwa huwekwa kwanza pipani, na mwenyewe aweza kukitoa. rm haina pipa. Ukiandika rm *.txt, hufutwa mafaili yote yenye majina yaishiayo kwa .txt, maana nyota husimama badala ya herufi zo zote. Ukiacha nafasi moja baada ya nyota, hufutwa kila faili la mahali pale, kisha mashine husema kwamba haikuona kiitwacho .txt. Kwa sababu hiyo tulipatana tangu siku ya kwanza kwamba alama za watoto zisiguswe kwa rm hata kidogo mpaka zimenakiliwa, na kwamba katika mazoezi tuandike rm -i, iulizayo kabla ya kufuta kila kimoja.

Siku ya kuzitoa alama ilikuwa Jumamosi. Tulichomeka flashi, tukaandika lsblk, nayo ikaorodhesha diski zote. Flashi tukaitambua kwa udogo wake, jina lake sdb1. Upande wa picha hufungua flashi wenyewe, lakini huku tulipaswa kuifungua kwa amri ya mount, tukitanguliza neno sudo, ambalo ni kutenda kwa mamlaka ya msimamizi, na kwa hiyo huuliza neno la siri. Kisha cp -r, yaani nakili folda pamoja na vyote vilivyomo. Kikaja kimya. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili juma lile, na hatukuthubutu kusema neno mpaka dola iliporudi. Tukaandika ls -l pande zote mbili, mmoja akisoma ukubwa wa mafaili na mwingine akifuatisha kwa kalamu. Yakalingana yote. Tukaifunga flashi kwa umount kabla ya kuichomoa, kwani mashine huweza kuwa bado ina maandishi mkononi ambayo haijayatua.

Ndipo tulipoona faida ambayo hatukuitafuta. Mwalimu yule wa kwanza aliandika alama kwa maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, faili moja kwa kila muhula. Tulipoandika grep Rehema *.txt, ikatoka mara moja kila mistari yenye jina hilo, na mbele ya kila mstari jina la faili ulimotoka. Kazi hiyo ilikuwa ikitugharimu saa nzima ya kufungua na kufunga. Tukiongeza mwishoni kile kistari cha wima na maneno wc -l, mashine huimimina mistari ile katika amri ya pili, nayo huihesabu. Njia hii ya kuunganisha amri kama mabomba ya maji iliingizwa katika Unix mwaka 1973, kwa shauri la Doug McIlroy. Barua za vijana zilitimia siku nne baadaye, na fundi akaja kufuta mashine kama alivyotaka.

Mwalimu atakaye kuanza na atengeneze kwanza folda iitwayo mazoezi, atie humo nakala za vitu asivyovijali, akae humo. Akisahau amri, aandike man na jina lake, kama man cp, naye atapewa maelezo yake, mengi kwa Kiingereza. Kutoka katika maelezo hayo ni kwa kubonyeza q. Sisi tulikaa humo karibu robo saa ya kwanza, tukijaribu kila kitufe, mpaka mwenzetu wa jiografia alipousoma mstari wa chini kabisa wa kioo.