Makofi Yaliyolipiwa

Katika zoezi la tafsiri nililowapa wanafunzi wa kidato cha tano, wengi waliandika kwamba umati "ulilipa heshima" kwa askari. Nilipiga mstari mwekundu chini ya kitenzi hicho, kwa kuwa Kiswahili hakilipi heshima. Kiingereza hutumia kitenzi cha kulipa. Kifaransa hutumia kitenzi cha kurudisha, kana kwamba heshima ni kitu kilichoazimwa. Kiswahili hutumia kutoa na kupa. Twatoa heshima, twatoa heshima za mwisho, twampa mtu heshima yake. Mjuzi wa sarufi ataniambia kwamba hayo ni mazoea tu ya lugha, wala simbishii. Hata hivyo, habari waliyokuwa wakiitafsiri ililigeuza kosa lao kuwa usahihi ambao hawakuukusudia, maana heshima iliyosimuliwa humo ilikuwa imelipwa kwelikweli, kwa dola, na kwa mikataba iliyotiwa saini.

Habari yenyewe ni ya Marekani. Katika viwanja vya huko, hasa vya ile futiboli yao inayochezwa kwa mikono zaidi ya miguu, ni desturi mchezo usimame kidogo ili askari atangazwe. Kipaza sauti hutaja jina lake na vita alikotoka, iwe Iraki au Afghanistani. Sura yake hujaa kwenye skrini kubwa, na maelfu ya watu husimama kumpigia makofi. Bendera yenye upana wa uwanja mzima hukunjuliwa. Mara nyingine mtoto huitwa katikati ya uwanja asijue kwamba baba yake, anayemdhania yuko vitani, amesimama nyuma yake. Watu wazima hulia. Mimi mwenyewe nimetazama picha za namna hiyo kwenye simu, nami si mtu wa kulia upesi, lakini koo lilinikaba.

Watazamaji wengi waliamini kwamba vilabu vilifanya hayo kwa mapenzi yao wenyewe. Mwaka 2015 ikabainika kwamba jeshi la akiba la jimbo la New Jersey lilikuwa limeilipa klabu ya New York Jets, na kwamba miongoni mwa yaliyonunuliwa ni hiyo sehemu ya kumtangaza askari wa nyumbani mbele ya umati. Mnamo Novemba mwaka huohuo maseneta wawili wa Arizona, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti ndefu. Walikuwa wameipitia mikataba 122 baina ya Wizara ya Ulinzi na timu za michezo, wakakuta kwamba 72 kati yake ilikuwa na aina hii ya uzalendo wa kulipiwa. Klabu ya Atlanta Falcons peke yake ilikuwa imepokea dola 879,000 katika miaka michache. Huko Milwaukee, timu ya besiboli ililipwa dola 49,000 na jeshi la akiba la Wisconsin ili wimbo mmoja wa kizalendo uimbwe siku za Jumapili kwa udhamini wa jeshi hilo. Kwa jumla, matangazo na masoko ya wizara hiyo katika michezo yaligharimu dola milioni 53 kati ya mwaka 2012 na 2015. Si fedha zote hizo zilizonunua makofi; nyingine zilikuwa za mabango na matangazo ya kawaida kabisa.

Ifahamike kwamba walioandika ripoti hiyo hawakuwa wapinzani wa jeshi. McCain alikuwa rubani wa jeshi la majini, akatunguliwa Vietnam mwaka 1967, akakaa mateka kwa zaidi ya miaka mitano. Mtu wa namna hiyo akikasirika kwa sababu ya makofi, inafaa tumsikilize anakasirikia nini.

Wizara nayo ilikuwa na hoja yake, wala si hoja ya kuchekwa. Tangu mwaka 1973 Marekani haiwalazimishi vijana kuingia jeshini; jeshi huwatafuta kama mwajiri mwingine yeyote, na vijana hupatikana viwanjani. Kampuni ya soda hulipa ili ionekane uwanjani. Kwa nini jeshi lisilipe? Naam, lilipe. Lakini bango la soda hujitambulisha kuwa ni bango la soda, na anayelitazama hujua kwamba anabembelezwa. Hakuna anayesimama na kutokwa na machozi mbele ya bango la soda.

Nilipofika hapo darasani, kijana mmoja wa dawati la nyuma aliuliza: "Mwalimu, na yule askari mwenyewe alijua?" Nadhani ndilo swali bora nililolisikia muhula huu. Katika mikataba ile askari alihesabiwa kuwa kipengele kimoja kati ya vingine, sambamba na idadi ya tiketi, nafasi za mabango na vyumba vya wageni wa heshima (neno lile lile, tazameni linavyotumika). Aliyesimama uwanjani alisimama na kovu lake na miezi yake ya kuwa mbali na nyumbani. Karatasini alikuwa bidhaa iliyokwisha kutolewa risiti. Na yule aliyempigia makofi alikuwa mlipa kodi. Alitozwa kodi, kodi ikainunulia klabu faida, na klabu ikamuuzia yeye chozi lake mwenyewe.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hufundishwa kila mwaka na kila mwaka wanafunzi huieleza kwa mfano wa nyanya sokoni. Mfano wa uwanjani ni mgumu zaidi, kwa maana hapa kilichotembezwa si kibaya. Kazi ya yule askari ilikuwa chema, na pengine umati ungesimama hata bila senti moja. Aliyelipa ndiye aliyemtia shaka. Tangu ripoti ile itoke, Mmarekani anayeona askari akitangazwa uwanjani ana haki ya kujiuliza hii ya leo imegharimu kiasi gani, na swali hilo humwangukia hata askari aliyetangazwa bure. Mwaka 2016 ligi ya futiboli iliwarudishia walipa kodi dola 723,734. Fedha zilirudishika. Makofi hayakuwa na pa kurudishwa.

Msidhani kwamba sisi wa mpakani hatujui sifa za kulipiwa. Tunazijua kuliko Wamarekani. Anayesikiliza muziki wa Kongo, na hapa Gisenyi nani asiyeusikiliza, amezoea mwimbaji akatize mapenzi katikati ya ubeti ili ataje jina la tajiri fulani, cheo chake na mji anakoishi. Kwa Kilingala huitwa libanga, yaani jiwe, na mwimbaji husemwa kwamba amelitupa. Aliyetajwa amelipa. Pwani, kwenye taarabu, fedha hata hazifichwi: msikilizaji huinuka, hucheza taratibu hadi mbele ya jukwaa, noti imeinuliwa juu kila mtu aione, akamtuza mwimbaji. Waweza kuyapenda mambo haya au kuyachoka, nami nakiri kwamba orodha ndefu ya majina hunichosha. Lakini hakuna aliyedanganywa. Kila aliyemo ukumbini anajua jiwe limetupwa na nani na kwa bei gani, na hilo ni sehemu ya mchezo.

Tazameni pia uwanja wetu wa Umuganda. Timu mbili za Rubavu huutumia, Etincelles na Marine, na hii ya pili ni timu ya jeshi, kama jina lake linavyotangaza. Kule Kigali kuna APR, iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo herufi zake tatu ni jina la jeshi lenyewe la wakati ule. Kenya wana Ulinzi Stars, na Kigoma kuna Mashujaa. Afrika Mashariki jeshi haliingii uwanjani kwa mlango wa nyuma. Huvaa jezi na kucheza, na likifungwa hufungwa. Shabiki wa Etincelles humzomea mshambuliaji wa Marine kwa dakika 90, na kesho yake humwamkia askari barabarani kwa adabu zote, wala haoni kinyume chochote. Hata maneno Visit Rwanda, yaliyoonekana kwenye mkono wa jezi ya Arsenal kuanzia mwaka 2018, yamezua mabishano mengi ambayo sitayaingilia leo, lakini yalishonwa mahali ambapo kila mtu aliyaona na kuyajua kuwa ni tangazo.

Wala siseme kwamba heshima ya kweli haina gharama. Kila tarehe 1 Februari taifa letu huwakumbuka mashujaa wake, na siku hiyo mahema hukodiwa, vipaza sauti hukodiwa, na mafuta ya magari hulipiwa na serikali. Kila aliyefika anajua ni sherehe ya serikali. Katika ngazi ya juu ya mashujaa hao, pamoja na Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema, yumo Askari Asiyejulikana. Na katika ngazi inayofuata yumo mwanamke wa mji huu wetu, Félicité Niyitegeka. Mwaka 1994 kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa. Yeye akamwandikia kwamba hatawaacha Watutsi aliokuwa amewahifadhi, akauawa pamoja nao. Nikipita na wanafunzi mahali alipozikwa, sauti zao hushuka zenyewe.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili la Wamarekani limenishika hivi.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa mjini alijitolea kudhamini mashindano ya mpira ya shule: mipira, jezi na vinywaji. Alikuwa na ombi moja. Wakati wa mapumziko, wanafunzi waghani ngonjera ya kuwasifu askari waliolemaa vitani, ambao wangealikwa waketi mbele. Mimi niitunge. Bango lake lisimamishwe nyuma ya viti vyao ili kila picha ilichukue. Na isisemwe kwamba wazo limetoka kwake; ionekane limetoka mioyoni mwa watoto. Nilimwuliza kwa nini mtangazaji asiseme tu kwamba ngonjera hii imedhaminiwa na fulani. Alicheka, tena bila ubaya wowote, akasema: "Mwalimu, sasa nani atalia?"

Nilimjibu kwamba nitaitunga siku ile ile atakayokubali jina lake litangulie kutajwa. Alifikiri kwa siku mbili. Mipira ikaja, jezi zikaja, bango likawekwa langoni, ngonjera ikaachwa.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo napendeza. Lakini habari za ngonjera zilikuwa zimekwisha kuenea, na binti mmoja wa kidato cha nne, ambaye baba yake aliacha mguu vitani, alinijia baada ya kipindi. Baba alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa ameshapiga pasi koti lake. "Kwa hiyo, Mwalimu," akaniuliza, "kwa sababu ya jina la mtu mmoja, baba hatapigiwa makofi?" Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa, tena kwa ufasaha zaidi kuliko hapa. Alisikiliza kwa heshima, hakukubali. Kwake makofi yalikuwa makofi. Katika miaka yote aliyoishi, hakuna umati uliowahi kusimama kwa ajili ya baba yake, na siku ulipotaka kusimama, mwalimu wa Kiswahili akauliza ni nani aliyelipa.

Bado nashikilia nilichofanya. Nashikilia kwa sababu baba huyo angeketi mbele ya bango asilolijua, na picha yake ingetundikwa dukani akiwa anatabasamu, na siku moja mtu angemwambia. Lakini sikuwa na hoja iliyomshinda binti yake, na hadi leo sinayo. Aliandika beti tatu zake mwenyewe. Katika ubeti wa pili kina cha kati kimepinda, nami sikukinyoosha. Alizighani darasani siku ya Alhamisi mbele ya wenzake 46. Baba yake hakuwepo.

Kazi ya nyumbani kwa wale wa kidato cha tano: mtakapokwenda tena Umuganda, msitazame mpira peke yake. Chukueni daftari. Andikeni kila sifa itakayotoka kwenye kipaza sauti, iwe ya mchezaji, ya kiongozi, ya kampuni ya simu au ya askari, kisha pembeni yake andikeni, pale mnapoweza kujua, ni nani aliyeigharimia. Mahali msipojua, acheni nafasi wazi. Mtumie vitenzi kutoa, kupa, kutuza, kudhamini na kulipia, kila kimoja mahali pake, na msiniandikie tena kulipa heshima isipokuwa mnamaanisha hivyo.