Besi ya Koplo na Usingizi wa Sajini

Katika mtaa wa Kisugu, tarafa ya Makindye mjini Kampala, vyumba vingi vya kupanga hujengwa kwa safu, na ukuta mmoja hutumikia jamaa mbili. Katika safu mojawapo alikaa koplo wa jeshi na mkewe na watoto watatu. Aliporudi likizo kutoka Somalia, alinunua mtambo wa sinema ya nyumbani: spika tano ndogo na sabufa, lile sanduku kubwa litoalo sauti nzito iitwayo besi. Alitaka watoto wake wasizurure tena usiku katika vibanda vya video.

Aliunga nyaya mwenyewe, akaliweka sanduku pembeni, ukutani. Ajabu ni kwamba pale kitini pake besi ilikuwa hafifu. Akaongeza sauti, haikutosha, akaongeza tena.

Ng'ambo ya ukuta alikaa mama mmoja, sajini wa polisi, aliyeshika zamu ya usiku na kulala mchana. Vikombe vyake vikawa vinalia kabatini. Siku ya tatu alibisha hodi.

"Koplo, nimelinda mji usiku kucha. Naomba nilale."

"Afande, mbona mimi mwenyewe siisikii?"

Sajini alidhani anadhihakiwa. Tangu siku ile salamu zikakatika, na watoto wa pande mbili wakakatazwa kucheza pamoja.

Mke wa koplo, aliyechoka kupita mlango wa jirani akiinamisha kichwa, ndiye aliyemwita mzee fundi wa redio. Mzee alikagua kimya, kisha akasema:

"Mwanangu, hukusema uongo. Waya chanya na hasi za sanduku umezigeuza. Spika ndogo zikisukuma hewa, sanduku linaivuta, na hapa kitini sauti hizo zinauana. Kule kwa jirani besi inafika peke yake, maana sauti nzito hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba."

Alizigeuza nyaya. Kisha akashika kitufe cha krosova, kigawanyaji cha sauti, kilichokuwa kwenye mitetemo 150 kwa sekunde, hata sauti za wanaume zikanguruma sandukuni. Akakirudisha kwenye 80, kiwango kilichopendekezwa na THX, mradi wa sauti za sinema ulioanzishwa Marekani mwaka 1983. Chini ya hapo ni kazi ya sanduku. Juu yake ni kazi ya spika ndogo. Mwisho akaliondoa sanduku pembeni. Wimbi la mitetemo 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, kupita chumba chenyewe, nayo besi hurundikana pembeni.

Sauti ilipopunguzwa hata nusu, besi ilijaa chumba kuliko awali.

"Lakini ukuta haujawa mnene," mzee alionya. "Hakuna kitufe kinachomfahamu jirani."

Jioni ile koplo alivaa shati safi, akaenda kuomba radhi na kuuliza ratiba ya zamu. Sajini alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaiandika kwenye karatasi ya daftari. Karatasi hiyo ilibandikwa kando ya televisheni, na watoto ndio walioisoma kila mchana kabla ya mtu kugusa kitufe.