Sheria ya ardhi kwa Kiswahili: mwalimu wa Bukavu na ukurasa wake

BUKAVU – Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kongo kinasema hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Kifungu cha 142 cha Katiba hiyohiyo kinaiagiza serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha 4 za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, ndani ya siku 60 tangu zitangazwe. Kifungu cha kwanza kinatumika kila siku mbele ya waamuzi. Kuhusu cha pili, uliza mtu yeyote wa Kadutu au wa Bagira kama amewahi kushika sheria moja ya Kiswahili mkononi mwake.

Katika pengo hilo ndimo alimoingia asistanti mmoja wa fakilte ya sheria. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu mwenyewe hakutaka. Kila mwezi anaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mbele na nyuma, anautoa fotokopi na kuupeleka parokiani, sokoni na kwa mashefu wa kartie. Fotokopi analipa mwenyewe. Karibu kurasa zote zinahusu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, maana ndiyo inayojaza tribinali za Kivu.

Si kwamba sheria hiyo imekosa waandishi. Vizazi vya wanafunzi vimesoma kitabu cha Profesa Kalambay Lumpungu juu ya ardhi na majumba. Profesa Séverin Mugangu, wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, ameandika miaka mingi juu ya ardhi ya Kivu. Ni kazi nzito na zinaheshimiwa. Lakini profesa anamwandikia profesa mwenzake, pamoja na muamuzi aliyekuwa mwanafunzi wake, na anaandika kwa Kifaransa. Mkulima wa Walungu anazungumziwa ndani ya kitabu tangu mwanzo hadi mwisho bila yeye kukijua.

Ugumu ulianza kwenye neno la kwanza. Kiswahili cha Bukavu kinasema "mwenye kiwanja", tena kinasema "nimenunua kiwanja". Kifungu cha 53 cha sheria ya 1973 kinasema kingine: udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzwi na wala haupotei kwa kukaliwa na mtu miaka mingi. Anachopata raia ni haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho wa muda. Mgeni anapewa kwa miaka inayohesabiwa, hata kama ni tajiri namna gani. Basi mtu aliyemlipa jirani dola zake akabaki na karatasi yenye saini za mashahidi wawili, amenunua nini? Mwalimu huyo aliandika sentensi hiyo mara nyingi na kuifuta. Mwisho akaandika hivi: "Umelipia nafasi ya kwenda kuomba cheti." Wengi walikasirika waliposoma, na bado hakuna aliyeonyesha kwamba si kweli.

Cheti chenyewe ni kile cha kuandikishwa, ambacho watu wanakiita tu sertifika. Kifungu cha 219 kinasema haki ya kutumia udongo inasimama kisheria kwa cheti hicho tu. Kikishapita miaka 2, kukiangusha ni kazi ngumu sana, na mara nyingi mwenye kudai anabaki na njia ya kuomba fidia tu. Hiyo miaka 2 ndiyo inayowamaliza watu. Mama mjane anaishi kwenye kiwanja cha marehemu mume wake akiwa na karatasi ya shefu wa kartie, huku mtu mwingine anatengeneza sertifika ofisini kimyakimya na kungoja. Siku anapokuja na avoka, muda wa mama umeshakwisha, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuna muda. Ukurasa uliohusu miaka 2 ndio uliotolewa fotokopi nyingine na watu wenyewe, bila kumuuliza mwandishi wake.

Maneno ya kumkosoa hayakukosekana. Avoka mmoja alimwambia kwa utani wa nusunusu kwamba anawanyang'anya mkate. Kazini waliomtangulia walimkumbusha kwamba kurasa za Kiswahili hazihesabiwi mtu anapotafuta kupandishwa cheo. Yanayohesabiwa ni makala ya majarida ya wataalamu. Katika hilo wana haki, na ni bahati mbaya. Lakini jambo lililomkosesha usingizi lilitoka kwa msomaji. Kijana mmoja alichukua ukurasa wa kifungu cha 53, akaenda kupanda mihogo kwenye shamba la jirani yake na kumwambia: "Udongo ni wa Leta, si wako." Walifikishana kwa shefu, ukurasa ukiwa mezani kama ushahidi. Mwalimu aliitwa. Alieleza mbele ya watu wote kwamba kitu kikiwa cha Leta hakigeuki kuwa cha yeyote anayekitaka. Tangu hapo kila ukurasa una mistari mitatu chini, kwa herufi kubwa, inayosema mambo ambayo sheria hiyo haikuruhusu kuyafanya. Wanasheria wa Kifaransa hawajui hitaji hilo, kwa kuwa msomaji wao hana jembe mkononi.

Ukurasa wa mwisho kutoka ulihusu mashamba ya kijijini. Huko Bushi watu wengi wanalima kwa kalinzi: babu alimtolea mwami ng'ombe, na tangu hapo familia inarithishana shamba. Sheria ya 1973 ilisema ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini zimekuwa za Leta, halafu kifungu cha 389 kikaahidi kwamba ordonansi ya rais itapanga haki za watu juu ya ardhi hizo. Miaka makumi ikapita watu wakiingoja. Mzee mmoja wa Kabare alimfuata mwalimu nje ya kanisa. "Mwanangu," akamwambia, "kama shamba ni la Leta, na ile karatasi ya rais haikuja, mimi niko na nini?"

Maprofesa wamebishana juu ya swali hilo kwa vitabu vizima. Mwalimu alimjibu akiwa amesimama. Alimwambia kwamba kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kinalinda mali iliyopatikana kwa kufuata sheria au desturi, kwa hiyo kalinzi si bure. Akaongeza kwamba kalinzi haina nguvu ya sertifika, na mtu mwenye sertifika akitokea, itabidi mzee akimbie mapema, asingoje miaka 2. Akamshauri aandike majina ya wanaojua mipaka ya shamba, hasa wazee, wakiwa bado hai.

Mzee alikunja ukurasa na kuutia mfukoni. Kisha akauliza kama hakuna wa Mashi, maana anayelima shamba ni mke wake, na Kiswahili hakisomi.