Nilisifu akili mpya ya gari, Ngomo ikanijibu

Nguba, Bukavu. – Ni mimi niliyelisema jambo hili redioni, kwa hiyo ni mimi ninayepaswa kulirudilia hapa.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilitengeneza ripoti ya dakika tatu juu ya kijana mmoja, fundi wa magari wa hapa mjini, ambaye badala ya kushika ufunguo na grisi anashika ordinateri. Anachomeka waya chini ya usukani, anafungua programu, anabonyeza mara chache, na gari lililoingia likijivuta kama mgonjwa linatoka likikimbia. Nilimwita «daktari wa akili za magari». Mashofa wawili walimsifu mbele ya maikro yangu. Nikamaliza kwa kusema kwamba maendeleo sasa yamefika Bukavu. Swali gumu sikuuliza hata moja.

Kati ya waliosikiliza siku ile alikuwa yaya yangu.

Yaya ana pikapu ya dizeli, dabo kabini, aliyoinunua okazio kwa akiba ya miaka sita pamoja na pesa za likelemba. Aina yake siitaji, maana kosa halikuwa la kiwanda. Mara mbili kwa juma anashuka nayo Kamanyola, anapandisha tomate, vitunguu na mchele wa bonde la Ruzizi kwa ajili ya mama wauzaji wa soko la Nyawera na la Kadutu. Hiyo pikapu ndiyo inalipa minervali ya watoto watano, wawili kati yao ni wa dada yetu marehemu. Ikisimama siku moja, tunajua wote nyumbani.

Wanaoijua ile barabara hawahitaji maelezo. Kamanyola iko chini kwenye joto, kwenye mita kama 900 hivi. Sisi Bukavu tuko kando ya ziwa, kwenye mita karibu 1,500. Kati yetu kuna mlima wa Ngomo, na barabara ya udongo iliyochongwa ubavuni mwake: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo. Wakati huo wengi waliokwenda Uvira walipendelea kupita Rwanda, kwa Bugarama, kwenye lami. Lakini kupita kule kunaomba karatasi na pesa za mpaka, na mwenye kubeba tomate za watu hana faida ya kugawa mpakani. Yaya hupita Ngomo.

Wakati ule pikapu ilikuwa na ugonjwa. Ikisimama na moteri ikiwaka, ilitetemeka hadi vioo vikalia. Kwenye mlima ilichoka. Garaji moja ilimbadilishia enjekteri mbili, okazio pia, lakini mtetemeko ulibaki. Ndipo akasikia ripoti yangu. Jioni akanipigia simu: «Mdogo wangu, yule kijana uliyemsema, ni mtu wa kweli?» Nikamjibu kwamba nilimwona kwa macho yangu. Akasema: «Basi. Kama umelisema redioni, mimi ninakwenda.»

Nilimsindikiza siku ya Jumamosi. Bei ilikuwa dola 120. Kazi ilichukua karibu saa nzima, na mambo mawili niliyaona bila kuyatilia maanani. La kwanza: kabla ya kugusa kitu, kijana alinakili programu ya zamani ya gari na kuiweka kwenye ordinateri yake. La pili: alifunga chaja kwenye batri, na umeme ulipokatika katikati ya kazi, kama kawaida yetu, aliruka kama mtu aliyeona nyoka na kuunganisha batri ya pili. Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba moto ukipungua wakati programu inaandikwa, akili ya gari inaweza kubaki nusu imeandikwa, na gari lisiwake tena.

Nieleze kidogo hiyo akili, maana hata mimi nilikuwa ninaitaja redioni bila kuijua. Mafundi wetu wanaiita kalkulateri. Ni sanduku dogo la chuma lenye nyaya nyingi. Katika magari ya dizeli ya siku hizi, mguu wa shofa hausukumi mazutu moja kwa moja. Mguu unaomba tu. Kalkulateri inasikia ombi, inaangalia moteri ina joto gani, hewa kiasi gani inaingia, turbo inasukuma kwa nguvu gani, na mazutu yana mgandamizo gani kwenye bomba. Kisha inafungua majedwali yaliyoandikwa ndani yake na kuamua: enjekteri hii ifunguke sasa, kwa muda huu, mfupi kuliko kupepesa jicho. Hayo majedwali ndiyo programu. Ukiyabadilisha, chuma kinabaki kilekile, lakini tabia ya gari inakuwa nyingine.

Na kweli ilikuwa nyingine. Tulitoka pale tukapanda kutoka Nguba hadi Place de l'Indépendance, na pikapu ilikwenda kana kwamba imetoka sandukuni. Ukigusa kidogo tu, inaruka. Yaya alicheka kama mtoto. Mtetemeko haukuisha kabisa, lakini nani angejali? Kulikuwa pia na moshi mweusi nyuma kila alipokanyaga sana. Alisema moshi ni nguvu. Nami nikakubali, maana ilinifurahisha kuona ripoti yangu imezaa matunda.

Furaha hiyo ilidumu majuma mawili.

Siku ya tatu ya juma la tatu, yaya alipanda kutoka Kamanyola na tomate za mama watatu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa sabuni. Katikati ya Ngomo, kwenye kona moja, taa ya njano ikawaka mbele yake na moteri ikanyamaza nusu. Haikuzimika. Ilikataa tu. Alikanyaga mpaka chini, ikabaki inanguruma kama mtu anayeongea usingizini. Pikapu ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma. Breki zilishika, lakini matairi yakateleza kuelekea upande wa korongo. Boyi-shofa akaruka chini na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi. Jiwe la kwanza lilisukumwa. La pili likashika. Yaya anasema kati ya tairi na ukingo hapakubaki urefu wa mkono.

Walilala pale. Wanaojua Ngomo wanajua kulala pale maana yake nini, na si baridi tu ninayoisema. Asubuhi lori moja likawavuta. Tomate zilikuwa zimeanza kutoa maji. Mama watatu walipoteza mali ya juma zima, na yaya akawa na deni lao, pamoja na pesa za lori.

Alipofika nyumbani hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alikula, akanawa mikono, akaniambia polepole: «Yule kijana simjui. Mimi niliamini wewe.»

Kesho yake nilikwenda kwa fundi bila maikro. Nilikwenda na hasira, nikijua tayari nani mwenye kosa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachomeka skana yake na kunionyesha.

Programu aliyokuwa ameweka ilikuwa imeandikwa ili kuongeza mazutu. Mjini, gari likiwa tupu na mbio za dakika mbili, hiyo ni tamu. Lakini ukipanda mlima mrefu kwa saa nzima na mzigo, mazutu yanazidi hewa, hayaungui yote, moshi mweusi unatoka, na joto ndani ya moteri linapanda. Kalkulateri ilipoona vipimo havikubaliani tena, ilifanya kile ilichofundishwa kiwandani: ilijilinda. Ilikata nguvu ili moteri isiyeyuke. Mahali pa tambarare, hiyo ni rehema. Unajikokota hadi garaji. Kwenye kona ya Ngomo, rehema ileile karibu iue watu wawili.

Kisha akanionyesha jambo la pili, na hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Kila enjekteri ya gari lile ina kodi yake, herufi na namba zilizochapwa juu yake, maana hakuna enjekteri mbili zinazomwaga sawasawa kabisa. Ukibadilisha enjekteri, unatakiwa kuandika kodi mpya ndani ya kalkulateri ili ijue tofauti hiyo na kuirekebisha. Ile garaji ya kwanza ilibadilisha chuma bila kuandika kodi. Ndiyo maana mtetemeko haukuisha. Ugonjwa wa yaya haukuwa ukosefu wa nguvu. Zilikuwa kodi mbili ambazo hakuna aliyeziandika.

«Kwa nini hukuangalia hilo mwanzoni?» nikamuuliza.

«Yaya yako aliomba nguvu. Nilipaswa kumuuliza gari linaumwa nini, sikumuuliza. Na wewe ulipokuja na maikro, ulinuliza nini?»

Sikuwa na jibu. Siku ile nilimuuliza anajisikiaje kuwa wa kwanza.

Aliirudisha programu ya zamani, ile aliyoinakili, akaandika kodi mbili, na hakuomba hata franka moja. Mtetemeko ukakoma palepale. Pikapu haikuwa na zile mbio za majuma mawili, lakini ilipanda kwa nguvu zake za zamani, na moshi ukaisha. Kama asingekuwa ameiweka ile nakala, sijui tungeanzia wapi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuatilia habari hizi, na nimegundua si sisi maskini wa Bukavu peke yetu tunaochezewa na majedwali hayo. Mwezi wa Septemba 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari ya dizeli kama milioni 11 duniani programu inayotambua wakati gari linapimwa moshi. Kwenye kipimo gari linakuwa na adabu, barabarani linarudia tabia yake. Marekebisho yalipoanza Ujerumani Januari 2016, gari la kwanza kuitwa lilikuwa pikapu, Amarok, na dawa yenyewe ilikuwa programu mpya. Kampuni ilisema gari halitaharibika kwa lolote. Lakini katika nchi mbalimbali wenye magari ya dizeli yaliyorekebishwa walilalamika kwamba hayaendi tena kama zamani.

Tena tarehe 29 Januari 2024, Toyota ilisimamisha kwa muda kupeleka sokoni aina 10 za magari, Hilux ikiwa ndani yake. Kampuni dada inayotengeneza moteri hizo za dizeli, Toyota Industries, ilikuwa imekiri kwamba wakati wa kupima nguvu za moteri ilitumia kalkulateri zenye programu tofauti na ile ya magari yanayouzwa, ili matokeo yaonekane mazuri bila kupandapanda. Toyota ilisema hakuna haja ya mtu kuacha kuendesha gari lake. Ninaamini. Lakini nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yaya: hata kule Japani, anayeshika usukani si yeye anayejua kilichoandikwa ndani.

Kwa hiyo, msomaji mwenye gari au mwenye shofa, haya ndiyo maswali ambayo nilipaswa kuuliza mbele ya maikro. Gari linaumwa nini kwa kweli, na limepimwa na skana kabla ya kuongezewa chochote? Programu mpya inatoka wapi: ni ya kiwanda, yenye namba yake, au ni ya mtu aliyeiandika kwa gari la nchi nyingine na barabara nyingine? Nakala ya zamani itawekwa wapi, na mimi nitapewa yangu? Kama enjekteri zimebadilishwa, kodi zimeandikwa? Batri itasaidiwa na nini umeme ukikatika? Na la mwisho, ambalo halihitaji ordinateri: tutalijaribu gari wapi? Kupanda kutoka Nguba hadi Place si jaribio. Lijaribu kwenye mlima mrefu, na mzigo mdogo kwanza, mchana, kabla ya kubeba mali ya watu.

Programu si adui. Ni programu iliyomtesa yaya, na ni programu iliyomponya, kwa waya uleule.

Nilimwomba mkubwa wangu wa redio ruhusa ya kusahihisha. Alishangaa. Alisema hakuna msikilizaji aliyelalamika, na ripoti yenyewe haikuwa na uongo. Ni kweli, kila neno lililotamkwa mle lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni yale ambayo sikuuliza. Mwishoni akanipa dakika moja baada ya habari za jioni. Nilisoma bila kutaja jina la kijana, maana yeye alikiri sehemu yake na kuilipa kwa kazi.

Yangu bado ninailipa. Deni la mama watatu tumeligawa na yaya, nusu kwa nusu, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Mmoja wao alinisikia redioni. Tulipokutana Nyawera aliniambia: «Baba, umesema vizuri. Sasa lete na pesa.»

Yaya amerudi kwenye barabara ya Ngomo. Anapanda polepole, na boyi-shofa anakaa na mawe mawili miguuni, moja la kwanza na moja la pili.