Nani Aliwazika?

Mimi ni msomaji wa riwaya zenye posa, mama mkwe na ugomvi wa shamba. Nikifika ukurasa wa kumi sijajua nani ni mtoto wa nani, naweka kitabu chini. Ndiyo maana Mzingile ya Euphrase Kezilahabi ilikaa mezani kwangu Dar es Salaam nusu muhula. Ni kitabu chembamba, kilitoka mwaka 1991, na msimulizi wake anatangatanga katika dunia ambayo hatimaye inateketea. Magofu na kimya. Kozi ya uzamili ilinitaka nikiandikie, na hoja nilikuwa nayo kabla sijakimaliza: kwamba mwandishi yuleyule aliyetupa Rosa Mistika mwaka 1971, msichana wa Ukerewe tunayemwona kwa macho, sasa anawaandikia wanafalsafa na amemwacha msomaji wa kijijini.

Likizo nikaenda nacho nyumbani, Izigo. Bibi alikuwa jikoni anamenya ndizi, akaniuliza kinasema nini. Nikamsimulia, nusu Kihaya nusu Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Watu wamekwenda wapi?"

"Wamekufa, Bibi."

"Wote?"

"Karibu wote."

Kisu kikasimama. "Nani aliwazika?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejaza kurasa sita za daftari, na swali hilo halimo.

Kwenye kibanja chetu, nyuma ya nyumba, kuna makaburi matatu: baba wakubwa wawili na shangazi. Nimekua nikiyaruka kwenda kuchuma mapera. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda. Hayo nimeyasoma. Ambayo sikuwahi kuyasoma aliyasema Bibi huku akiendelea kumenya. Kwamba ulikuwa ukienda kuazima jembe kwa jirani unalikuta jembe, mwenyewe hayupo, wala mkewe. Kwamba matanga yalifupishwa, maana yangeingiliana. Kwamba siku ya shangazi walikuja wazee wanne na watoto. Vijana wa kuchimba hawakuwepo tena.

"Mwanamke hachimbi kaburi," alisema. "Mimi nilichimba."

Akaniagiza nilete maji.

Kitabu chenyewe bado sijakipenda, niseme ukweli. Kuna kurasa nimezirudia mara tatu na bado zimenifungia mlango. Lakini ile aya yangu kuhusu msomaji wa kijijini niliifuta usiku ule kwa mwanga wa simu, na mpaka sasa sijapata ya kuweka mahali pake.

Kesho yake Bibi aliniuliza kama yule mtu wa kwenye kitabu aliona moshi wa jiko mahali popote. Nikafungua ukurasa niliokuwa nimeukunja. Akasogeza beseni la maganda, akaniambia nisome polepole, Kiswahili chake si cha chuo.